Maneno Yaliyobaki kwa Fundi Ildefonsi

Adventina aliolewa na mwanamume msemaji. Kijiji cha Ihembe kina wanaume wengi watulivu, wanaoingia shambani asubuhi na kutoka jua likishakuwa kali bila kumsumbua mtu, lakini yeye aliangukia kwa Ildefonsi, fundi, ambaye aliongea hata na matofali. Akipandisha ukuta anasimulia. Akipiga randa anasimulia. Akiinama kutengeneza mashine ya kukoboa kahawa, kichwa kimeingia ndani na makalio yako nje, sauti bado inatoka humo humo ikimsema mwenye mashine asiyejua maana ya grisi. Adventina, anayeshona nguo za watu kwenye baraza ya nyumba yao, alikuwa akimwambia kila mara, "Baba Vero, siku moja huo ulimi utachoka." Ulikuwa utani wa mke kwa mume, na mume aliujibu kwa kuongea zaidi.

Hakuwa fundi wa kitu kimoja. Kijiji hakina uwezo wa kumlisha fundi wa milango peke yake na fundi wa pampu peke yake, kwa hiyo Ildefonsi alishika vyote. Alijenga, alichonga, alizibua pampu za kupulizia dawa, alinyoosha rimu za baiskeli, alifungua injini za pikipiki na kuzifunga tena bila kubaki na skrubu mkononi, jambo ambalo wako mafundi wa mjini wasioweza kuliapia. Watu walimkumbusha kwamba mshika mawili moja humponyoka. Aliwajibu kwamba yeye ana mikono miwili, magoti mawili na meno, na kwa hesabu hiyo bado nafasi ipo.

Kulikuwa na jambo moja juu yake ambalo Adventina aliishi nalo tangu ujana bila kulitambua. Nyumbani walisema Kinyambo, lugha ya kwao. Kwa Kinyambo mume aliomba chumvi, kwa Kinyambo waligombana, na kwa Kinyambo walimbembeleza mtoto wao. Lakini ufundi Ildefonsi alifundishwa kwa Kiswahili, akiwa kijana, na wajenzi waliotoka mikoa mingine kuja kujenga shule na makanisa, na maneno ya kazi yakabaki katika lugha ile ile aliyoyapokelea. Nyundo, msasa, beringi, zege: hayo hakuwahi kuyatafutia Kinyambo chake. Adventina naye Kiswahili alikijua, ila chake kilikuwa cha sokoni na cha kanisani. Kile cha karakana kilimpita, naye alikiacha kipite.

Kiharusi kilimkuta mumewe kwenye migomba, asubuhi, akiutegemeza kwa mwega mgomba uliolemewa na mkungu. Walimkuta amekaa chini, mgongo kwenye shina, anautazama ule mwega uliokuwa haujasimama vizuri. Akapelekwa hospitali ya Nyakahanga kwa gari la jirani. Madaktari walifanya kazi yao: mguu ukarudi kwa kuburuta, uso ukanyooka karibu wote, mkono wa kulia ukabaki mlegevu. Maneno ndiyo hayakurudi. Mtu aliyeongea na matofali alilala akiitazama dari, na Adventina, aliyeomba ukimya miaka yote ile, alipewa ukimya wake asijue aupeleke wapi.

Kulikuwa na muuguzi mmoja mwenye subira aliyekuwa akimjia na vitu, kimoja kimoja, amwulize majina yake.

"Baba, hiki ni nini?" Alikuwa ameshika kijiko.

Ildefonsi alikaza macho. Midomo ilihangaika kwanza. "Mwiko," akasema.

Muuguzi alifurahi, kwa sababu mwiko na kijiko ni ndugu. Akanyanyua kikombe. "Ndoo." Akagonga kitanda. "Benchi." Halafu akamgusa Adventina begani na kuuliza, "Na huyu je, ni nani wako?"

Ildefonsi alimtazama mkewe kwa muda mrefu. Macho yake yalilainika kwa namna ambayo Adventina hakuwa ameiona tangu enzi za uchumba.

"Timazi," akasema.

Muuguzi alisema huenda ni jina la ndugu yao. Adventina aliwajua ndugu wote wa mumewe, walio hai na waliozikwa, na hapakuwa na Timazi kati yao. Alirudi nyumbani kubadilisha nguo akiwa na neno hilo moyoni kama kijiwe ndani ya kiatu. Alikumbuka nyumba moja ambayo Ildefonsi aliwahi kwenda kuijenga upande wa Kyerwa, akakaa huko msimu mzima wa mavuno, akarudi amenenepa. Wakati ule alimshukuru Mungu kwa unene ule. Sasa alitaka kujua ni nani aliyeupika.

Hakuoga hata. Alikwenda moja kwa moja kwa Jovitus, mwashi aliyefanya kazi na mumewe tangu wote wawili wakiwa hawajaota ndevu, akamkuta anachanganya udongo nyuma ya nyumba.

"Shemeji," alisema, bila salamu, "Timazi ni nani?"

"Umemwona wapi?"

"Usinifiche. Mume wangu anamtaja hospitalini, na mimi nimekaa mbele yake."

Jovitus alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaiona sura ya shemeji yake, akaacha. Aliingia ndani akatoka na kamba nyembamba yenye kipande cha chuma kizito mwishoni, akaining'iniza pembeni mwa ukuta na kusubiri chuma kitulie.

"Huyu hapa Timazi," alisema. "Sisi waashi tunatembea naye kila mahali. Macho yako yanaweza kukudanganya kwamba ukuta umenyooka, jirani atakudanganya, na mwenye nyumba atakubali uongo ili ahamie haraka. Timazi hadanganyi. Ukitaka kujua kama umepinda, unamwuliza yeye. Sasa niambie, Ildefonsi alikuwa anamtazama nani alipolitaja jina hilo?"

"Mimi," alisema Adventina.

"Basi, shemeji." Jovitus alianza kuikunja kamba. "Rudi Nyakahanga umpelekee mumeo uji."

Njia nzima ya kurudi Nyakahanga alilia mgongoni kwa dereva wa bodaboda, hata dereva akampa pole ya msiba. Adventina aliipokea. Hakuwa na nguvu ya kumweleza kwamba alikuwa analia kwa sababu amesifiwa.

Hivyo ndivyo mwanamke mwenye mvi zake alivyoanza kujifunza lugha ili aweze kuongea na mume wake mwenyewe. Kilichotokea kichwani mwa Ildefonsi hakuna aliyekieleza vizuri, lakini alipoletwa nyumbani ilikuwa dhahiri kwamba Kinyambo chote alikisikia ila hakikutoka, na kilichotoka kilikuwa Kiswahili cha karakana tu, neno moja moja, na kila neno lilibidi lifanye kazi za maneno mengine yasiyokuwepo. Maharage yakikosa chumvi aliisukuma sahani na kusema, "Ratio," kama alivyozoea kumwambia msaidizi aliyechanganya mchanga mwingi na saruji kidogo. Shati likimbana shingoni ni "legeza." Akichoka ni "betri." Mgeni aliyezidisha maneno ya kujisifu aliondoka bila kujua kwamba ule "msasa" aliokuwa akiutaja mgonjwa ulikuwa wake yeye, apigwe apungue. Adventina alijizuia kucheka mpaka mgeni akavuka uzio.

Kila neno alilokwama nalo alilipeleka mahali. Mengine alimwuliza Jovitus, mengine aliyauliza kwenye duka la vifaa la Bugene, akisimama kaunta na kumwambia muuzaji, "Naomba unionyeshe gasketi, sinunui." Mwanzoni walimshangaa. Baadaye wakamzoea, na muuzaji akawa akimwona anakuja anauliza, "Leo mzee amesema nini?" Adventina alirudi nyumbani na jibu, na jioni kwenye jiko alilijaribu, na mumewe akisikia limetumika sawasawa aligonga goti lake kwa mkono wa kushoto. Walikuwa hawajaongea hivyo tangu ujana. Nadhani hata zamani hawakuongea hivyo, maana zamani mmoja alisema na mwingine alisubiri amalize.

Aliyebaki nje ya raha hii alikuwa Vero.

Vero ndiye mtoto wao. Mungu aliwapa mmoja tu, na katika kijiji ambacho uzio wa jirani umejaa watoto, mmoja ni habari ya kusemwa na watu. Alikuwa akiuza katika duka la dawa za mifugo Bugene, na baba yake alipougua alirudi kulala nyumbani ili amsaidie mama. Alimnyoa, alimfunga viatu, alimtembeza uani kumfanyisha mazoezi. Na kila alipoingia chumbani baba yake alimtazama na kusema neno moja:

"Washa."

Vero aliwasha taa. Baba alitikisa kichwa. "Washa." Akawasha redio, akatafuta stesheni yenye taarifa ya habari ambayo baba aliipenda. Hapana. Aliwasha jiko, labda anataka chai. Aliwasha simu, labda anataka picha. Siku moja alifikia kumwashia tochi mchana, akammulikia kila pembe ya chumba ili mzee aone kama kuna kitu anakitafuta, na Ildefonsi akapiga mkono wa kiti kwa hasira hadi kikombe kikaanguka. Baada ya hapo aliendelea kulisema, lakini kwa sauti ya chini, na akishalisema alifumba macho.

Adventina naye hapa elimu yake mpya ilimwangusha. Kuwasha alikujua tangu utoto, na neno unalolijua hulipeleki dukani kuuliza.

"Mama," Vero alimwambia jioni moja wakimenya ndizi, "wewe anakujua. Amekupa hata jina. Mimi ananiona swichi."

"Usiseme hivyo, mwanangu."

"Nisemeje? Nitaagwa na baba asiyejua ni nani anayeondoka?"

Hilo ndilo lililokuwa linamla. Alikuwa ameshachumbiwa na Dastan, mkulima wa kahawa kutoka Nkwenda, kijana mpole mwenye pikipiki inayohitaji kusukumwa ili iwake. Mambo yote ya wakubwa yalikuwa yamemalizika kabla ya ugonjwa, na siku ya kumuaga binti ilikuwa inakuja. Siku hiyo baba husimama mbele ya wageni, humtaja mwanawe, humkabidhi kwa mumewe kwa kinywa chake mwenyewe. Tangu akiwa msichana Vero alijua baba yake ataongea mpaka wageni wa Nkwenda wasinzie, na kwa miaka mingi alilionea aibu jambo hilo. Sasa alikuwa tayari wasinzie wote.

Baba mdogo wake Gosbert alikuja kutoka Bukoba na ufumbuzi. Gosbert ni mtu wa ofisini, ana koti la shughuli na sauti ya shughuli, na msimchukie, kwa sababu ndiye aliyekaa na kaka yake hospitalini akimpangusa mdomo. "Shemeji," alimwambia Adventina, "nitasema mimi. Kaka atakaa pembeni yangu, apewe heshima zake zote. Sitaki kumwona anasimama mbele ya watu anatamka spana na misumari, na vijana wa mjini wanamrekodi kwenye simu." Vero alisikiliza akiwa mlangoni, na akakubali kabla mama yake hajajibu. Alikubali haraka mno, na Adventina aliona kwamba binti amekata tamaa.

Basi shughuli ikapangwa hivyo. Adventina alikaa kwenye cherehani kushona gauni ambalo mwanawe angevaa siku ya kuagwa. Cherehani yenyewe ilikuwa imechoka. Tangu mwenye kuitengeneza augue hakuna aliyeigusa, na kila alipokanyaga, sehemu fulani chini ya meza ililia kra, kra, kra, chuma kikila chuma. Vero alikuwa amekaa mkekani akikata vitambaa. Ildefonsi alikuwa kwenye kiti chake, na kelele ile ilikuwa inamtesa. Alivumilia upindo wa kwanza. Alivumilia mshono wa ubavuni. Halafu akamtazama Vero na kusema, "Washa."

Vero aliinuka, akaenda kubonyeza swichi ya taa ya baraza.

Mzee akasimama. Alisimama peke yake, bila fimbo, na wanawake wote wawili wakaruka kumshika, naye akawafukuza kwa kiwiko. Aliburuta mguu mpaka kwenye cherehani, akashuka chini kwa shida akapiga goti, akaingiza mkono wa kushoto chini ya meza. Alitoka na boliti na nati yake. Akaziweka mbele ya uso wa mkewe na kuzisugua moja kwa nyingine, kra, kra. Kisha akaelekeza kidevu kwenye rafu, kwenye kopo la maziwa ya unga alimokuwa akitunzia vidude vyake. Vero alimletea. Mzee akalimwaga lote mkekani, akapekua kwa kidole katikati ya misumari na springi, mpaka akapata alichokitaka: kiduara kidogo cha chuma, bapa, chenye tundu katikati.

Alimshika Vero mkono, akamwekea kiganjani.

"Washa," akasema.

Vero alikitazama kile kichuma. Alikuwa amekiona mara elfu kwenye kopo lile, na hakuwahi kufikiri kwamba kina jina.

Ildefonsi hakuwa amemaliza. Alinyanyua boliti, akajigonga nayo kifuani. Alinyanyua nati, akamwelekezea Adventina. Akazisugua tena, zikalia. Halafu akakichukua kiduara kutoka kiganjani mwa binti, akakivisha kwenye boliti aliyoituliza kwa mkono mlegevu, akaifuatisha nati, akazisugua. Hazikulia. Akanyoosha kidole kwa Vero.

Adventina alifunika mdomo kwa gauni alilokuwa anashona.

Alikuwa anajua habari yote. Kulikuwa na miaka, Vero akiwa mdogo, ambayo yeye na Ildefonsi walikuwa hawapatani kabisa. Watoto wengine walikuwa hawaji, ukoo ulikuwa unanong'ona, na kila mmoja alimwona mwenzake ndiye mkosaji. Yeye alikuwa mgumu, mumewe alikuwa na mdomo, na chini ya paa lile waliongea kupitia kwa mtoto. "Mwambie baba yako chakula kiko mezani." "Mwambie mama yako nakwenda Kayanga." Na mtoto alikwenda huku na huku, lakini hakufikisha maneno kama yalivyotumwa. Aliyapunguza ukali njiani. Ya baba yalimfikia mama yakiwa na tafadhali ambayo baba hakuitia, na ya mama yalimfikia baba yakiwa na pole. Wote wawili walijua kwamba mtoto anachakachua, na hakuna aliyemkataza. Kama si yeye wangekuwa wameshalana zamani wakaisha.

"Tata," alisema Vero, akimwita baba kwa Kinyambo. Alikaa mkekani katikati ya misumari akamlalia baba yake gotini, na Ildefonsi akampigapiga mgongoni kwa mkono ulio mzima, akirudia jina lake jipya polepole, ameridhika, kama mtu aliyepeleka mzigo mlango usio wake kwa miezi mingi na leo amefunguliwa.

Kuanzia siku hiyo Vero hakutaka tena kusikia habari ya Baba mdogo kumsemea. "Atasema baba," alisema. "Hata akisema misumari." Gosbert alipiga simu mara kadhaa kumbembeleza, na nia yake ilikuwa njema. Adventina mwenyewe aliogopa. Usiweke mtu mgonjwa mbele ya halaiki halafu ukaomba Mungu amfiche. Walijaribu kumfundisha Ildefonsi sentensi moja tu, fupi, ya kumtosha baba yeyote: mwanangu, nenda kwa amani. Aliishika vizuri mpaka neno la mwisho. "Mwanangu," alisema, akipumua kati ya neno na neno, "nenda kwa... ngazi." Akajua mwenyewe kwamba amekosea, akarudia, na ikatoka ngazi nyingine. Vero ndiye aliyeanza kucheka, kisha mama, kisha mzee mwenyewe, wakacheka mpaka machozi. Lakini Adventina alipokwenda jikoni machozi yake yaliendelea wakati kicheko kimekwisha. Wageni walikuwa wanakuja Jumamosi.

Jumamosi turubai lilisimama uani. Wageni wa Nkwenda walipokelewa kwa kahawa ya kutafuna iliyofungwa vizuri kwenye majani ya mgomba, matoke yaliiva, rubisi, pombe ya ndizi, ilikuwepo kwa wanaojua kukaa nayo. Mshereheshaji alikuwa na kipaza sauti kilichokoroma. Gosbert alikaa nyuma ya kaka yake, koti limefungwa vifungo vyote, hotuba iko tayari kichwani kama lolote litaharibika. Jovitus na mafundi wenzake walikuwa mstari wa pembeni, wamevaa mashati ya kanisani, mikono yao ikiwa bado na saruji kwenye kucha. Ilipofika zamu ya baba wa binti, mshereheshaji alitamka jina la Ildefonsi, na uwanja ukatulia.

Alisimama kwa fimbo. Vero alikuwa mbele yake, na Dastan karibu na Vero, jasho linamtoka kwenye suti ya kuazima.

"Huyu..." alisema Ildefonsi.

Midomo yake ilitafuta. Kuku alipita katikati ya uwanja, na kila mtu akamtazama kuku kwa shukrani. "Huyu..." alisema tena, na safari hii shingo yake ikasimama mishipa, na hakuna kilichofuata. Huko nyuma kijana mmoja alicheka kidogo, na mwingine akanyanyua simu. Gosbert alianza kuinuka. Adventina alimshika upindo wa koti bila kugeuka, akamvuta chini, na huku moyo wake mwenyewe ukimwambia amwache asimame, amwokoe mtu huyu, inatosha.

Ildefonsi akaacha kuhangaika na midomo. Aliiegemeza fimbo kwenye kiti, akamwita Dastan kwa mkono wa kushoto, na kijana akaja akainama mbele yake kwa adabu. Mzee aliushika mkono wa kulia wa kijana. Akaukunjua, akaugeuza, akavitazama vidole na kiganja bila haraka, kama anavyotazama kifaa cha mtu mwingine kabla ya kukiazima.

"Nati," akasema. Kipaza sauti kilikuwa mbali, lakini ukimya ulikuwa mkubwa. "Nati... kwa mkono."

Akavichukua vidole vya Dastan, gumba na shahada, akavizungusha taratibu hewani, kidogo, tena kidogo.

"Spana," akasema, na akatikisa kichwa. "Spana, hapana."

Vijana wa nyuma walicheka waziwazi sasa. Lakini kwenye mstari wa mafundi Jovitus alikuwa ameacha kutafuna. Mtu yeyote aliyewahi kufunga nati anajua kitu hiki, na ndicho cha kwanza anachofundishwa na mtu anayempenda. Nati inaanzwa kwa vidole. Unaisikiliza, inakuonyesha yenyewe uzi wake, ile michirizi ya ndani, uko wapi, na ikikataa unairudisha nyuma unaanza upya. Asiye na subira huchukua spana. Spana haisikilizi kitu, ina nguvu tu. Itaingia, ndiyo, na utadhani umefunga, kumbe umezila nyuzi zote za ndani, na chuma hicho hakitashika tena maisha yake yote.

Dastan, mwenye pikipiki ya kusukumwa, alikuwa amefunga nati nyingi. Aliinua macho. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nimesikia, Tata," alisema. "Kwa mkono."

"Spana?" aliuliza Ildefonsi, kwa ukali kidogo, sauti ile ile ya kumtahini mwanafunzi kabla ya kumwachia kazi.

"Spana hapana, Tata."

Wanawake ndio waliotangulia. Wengi wao hawajawahi kushika spana, lakini wanajua inavyouma, na kigelegele cha kwanza kilitoka upande wa Nkwenda, kwa mama mkwe, kisha uwanja mzima ukapokea. Vero alikuwa analia bila kujificha. Mshereheshaji alisubiri kelele zipungue, akampelekea Gosbert kipaza sauti ili awafafanulie wageni maneno ya mzee. Gosbert alikishika, akakitazama, akakirudisha.

"Ameshasema," alijibu, na akafungua vifungo vya koti lake akaegemea kiti.

Ratiba iliendelea. Zawadi ziliitwa, kwaya ikajipanga, watu wakaanza kunyanyua viti kuwapisha wachezaji, na Dastan alikuwa bado ameinama pale mbele, kwa sababu mkwewe alikuwa hajauachia mkono wake.